Bastola ya Jikoni

Nianze na hili ili tusisumbuane: ndiyo, nilikuwa na bastola jikoni, na sijutii hata kidogo. Watu wa Kangeta walisema mengi. Walisema nimerogwa, walisema nina bwana polisi, walisema mwanamke akishika silaha mvua hukataa kunyesha. Mvua ya mwaka ule ilinyesha mpaka njia ya kwenda sokoni ikawa uji. Hakuna aliyekuja kuniomba msamaha.

Mume wangu alikufa kwa ugonjwa wa sukari, akaniacha na mabinti wawili shule ya bweni, pikapu moja, na biashara ya miraa. Mimi si mzaliwa wa Igembe. Nilizaliwa upande wa Kanyakine, kwa watu wa kahawa na ndizi, nikaolewa huku ambako mwanamke haruhusiwi kupanda mti wa miraa wala kuchuma hata kijiti. Sawa. Lakini kununua, kufunga kwa majani ya mgomba, kupakia na kwenda kuuza, hapo hakuna aliyenikataza, kwa sababu hapo ndipo kuna kazi. Wachumaji walileta asubuhi, tukafunga, na kabla jua halijakolea nilikuwa nimekaa mbele na dereva tunateremka kwa wateja wangu wa Runyenjes na Embu mjini. Jioni tulirudi na mkoba wa mauzo. Kila mtu barabarani alijua kilichokuwa ndani yake.

Mara ya kwanza wezi walituwekea mawe njiani, wakachukua mkoba. Mara ya pili walichukua mkoba na kumkata dereva wangu panga begani, na huku damu inamtoka, mmoja wao akaniinamia dirishani akasema, "Mama, wiki ijayo tuletee pesa nzuri zaidi." Wiki ijayo! Kama mtu anayeagiza maziwa. Hapo damu yangu ilichemka, na mpaka leo haijapoa sawasawa.

Nilienda kituoni kuomba kibali cha kumiliki bastola. Wakacheka. Nikarudi. Wakacheka kidogo. Nikarudi tena na tena, wakachoka kucheka, wakaanza kuniuliza maswali ya maana. Nikachukuliwa alama za vidole, nikaulizwa habari za ukoo mzima, karatasi zikapanda Nairobi zikakaa huko mpaka nikazikatia tamaa, kisha siku moja nikaitwa nikachukue. Cheti chenyewe kilikuwa cha kuhuishwa kila mwaka, na kila mwaka mkuu wa kituo ndiye wa kusema kama bado nafaa. Mtasikia habari zake.

Aliyenifundisha kupiga shabaha alikuwa askari mstaafu, mzee mfupi aliyekuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Uwanjani kwake nilikuwa hodari wa kukosa. Nilifumba macho kabla hata mlio haujatoka. Alinitazama nikimaliza risasi ghali kwenye udongo, kisha akasema, "Ugonjwa wako hautibiwi kwa risasi, mama. Utatibiwa nyumbani, bastola ikiwa tupu, kidogo kidogo kila siku, mpaka mkono uache woga."

Nikafurahi. Akanikata furaha hapo hapo. "Sikiliza. Bastola tupu ndiyo inayoua watu majumbani. Ile yenye risasi watu huiogopa." Akanipa masharti yake, na akanifanya niyarudie kama katekisimu. Risasi zisilale chumba kimoja na bastola wakati wa mazoezi. Tundu la risasi uliangalie kwa macho, kisha ulipapase kwa kidole, kisha uangalie tena kana kwamba hujaangalia. Uelekeze upande mmoja tu, ambao hata ukikosea hakuna wa kulia. Na ukimaliza, umemaliza: mtu aliyekwisha kurudisha risasi halafu akasema "moja tu ya mwisho," huyo ama anazikwa ama anazika.

Basi nikarudi nyumbani kutafuta upande ambao hakuna wa kulia. Si rahisi! Nyumba yangu ni ya mbao, na mbao za kwetu hazizuii hata umbea. Ukielekeza huku ni kitanda cha mabinti, kule ni barabara, pale ni kwa jirani ambaye, pamoja na mdomo wake, sikutaka afe. Nilizunguka boma lote nikisimama kila pembe nimenyoosha kidole kama mwendawazimu. Mwisho nikaishia jikoni. Jiko letu limejengwa peke yake, limechimbiwa kwenye mteremko, ukuta wake wa nyuma ni mawe, na nyuma ya mawe ni udongo wa kilima kizima. Risasi ikipenya hapo imekwenda kusalimia mizizi.

Na jiko lile lilikuwa na faida nyingine ambayo mzee wa shabaha hakunifundisha. Kwetu mwanamume aliyetahiriwa haingii jikoni kwa mama yake. Haingii, basi. Hata akizidiwa na njaa atasimama uani aite, apelekewe. Na jiko lile lilikuwa langu mimi pamoja na mama mkwe wangu, kwa hiyo hapakuwa na mwanamume wa boma lile ambaye angekuja kunisimamia kichwani na kunielekeza.

Mama mkwe wangu alikuwa mjane kabla yangu, mwanamke mwembamba, mwenye maneno machache na jicho kali. Nilipomwambia nataka kufanya mazoezi ya bastola mle ndani, alikuwa anakoroga njahi, yale maharagwe yetu meusi. Hakuacha kukoroga.

"Inapiga kelele?" akauliza.

"Ikiwa tupu inasema ta, Mama. Ta tu."

"Basi haitafukuza kuku." Akaonja mchuzi. "Na risasi zitakaa wapi?"

Nikamweleza sharti la mzee. Akafuta mikono kwenye leso yake, akaninyooshea kiganja. "Lete."

Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa mtunza risasi. Ilikuwa hivi. Nilitoa magazini, kile kikasha cha risasi, mbele yake, nikavuta kile chuma cha juu nyuma, nikaangalia tundu, nikaingiza kidole changu cha mwisho, kisha naye akaingiza chake. "Macho yangu yamezeeka," alisema, "kidole bado." Halafu alizitia risasi kwenye mkebe wa majani chai, akaubeba kifuani, akatoka, akaenda kukaa kwenye kigoda kando ya ghala, mbali na upande wangu wa kulenga. Akishatulia aliita, "Nimekaa!" Kabla ya hapo sikugusa triga. Nikimaliza niliita, "Nimemaliza!" na bastola ikaingia kwenye sefu ndogo, ikafungwa, ndipo yeye akarudi na mkebe wake. Hatukuruka hata hatua moja, hata siku ya mvua, hata siku tuliyokuwa tumegombana.

Nilikuwa nimechora nukta ya mkaa ukutani. Juu ya bastola, karibu na ncha, niliweka punje moja ya mahindi, ile bapa. Kazi ilikuwa kuibana triga taratibu mpaka iseme ta, na punje isianguke. Aka! Ilianguka. Kuku walinenepa. Nilikuwa navuta kwa hasira, mkono wote unaruka, na Mama akisikia ukimya wangu baada ya ta anaita kutoka nje, "Imeanguka?"

"Imeanguka, Mama."

"Wewe unakamua ng'ombe mwenye mateke. Pole pole!"

Mwanamke ambaye hajawahi kushika bastola maishani mwake ananifundisha triga kutoka kwenye kigoda! Na alikuwa anasema kweli. Nikapunguza pumzi, nikapunguza hasira, nikatazama nukta badala ya kuwatazama wale wezi kichwani mwangu. Siku moja punje ikabaki. Nikarudia, ikabaki. Nikatoka nje nikaimba, naye akaniambia nipunguze kelele nisije nikaitwa kwaya.

Mtu asidhani nilitaka ushujaa. Sijawahi kumpiga mtu risasi, na namwomba Mungu nife hivyo hivyo. Nilichotaka ni mkono usionitoroka, ili niende Embu na kurudi, mabinti wasome, na mtu yeyote asiniagize mambo ya wiki ijayo.

Sasa shemeji. Alikuwa kitinda mimba wa Mama, na kitinda mimba ni kitinda mimba: nyama laini yake, kosa lake dogo, adhabu yake kesho. Wanakijiji walikuwa wakimsema Mama chini chini, mchelea mwana kulia hulia yeye. Kijana mwenyewe alikuwa mtanashati, viatu vinang'aa hata siku za matope, kazi hana. Tulipomaliza matanga ya kaka yake akaanza kusema "biashara yetu." Akaanza kupiga simu kwa wateja wangu kuwajulia hali. Halafu akaja uani, amekunja mikono kama padre.

"Shemeji, wewe pumzika nyumbani. Mkoba nitabeba mimi. Na hiyo bastola tuibadilishe iwe kwa jina langu. Mimi ndiye mwanamume aliyebaki katika boma hili."

Nilimwelewa vizuri sana. Anayebeba mkoba ndiye anayejulikana na wateja. Anayejulikana na wateja, pikapu ni yake. Na pikapu ikishakuwa yake, mimi ningekuwa namwamkia asubuhi kumwomba pesa ya chumvi na ya shule. Bila bastola nisingethubutu ile barabara peke yangu na dereva mwenye bega moja zima, naye alilijua hilo. Nikamjibu, "Shemeji, mkoba huu una mwenyewe. Nenda ukatafute wako."

Akaenda. Alikwenda moja kwa moja kituoni, akawaambia ujane umenipanda kichwani, kwamba nafyatua bastola ndani ya nyumba, na kwamba namlenga mama yake. Mama yake! Shemeji alikuwa amesimama nje ya jiko akasikia ta, akasikia Mama anauliza kama imeanguka, akajaza yaliyobaki kwa akili zake. Na wakati wa kuhuisha cheti changu ulikuwa umefika. Neno moja la mkuu wa kituo lingetosha kunimaliza.

Akaja Jumamosi, mkuu huyo, mtu mkubwa mwenye usingizi machoni, si mwenyeji wa kwetu. Shemeji ndiye aliyemleta, akamvutia kiti cha plastiki, akaagiza chai kana kwamba mimi ni mtumishi wa hoteli. Nikaileta chai. Adabu ni adabu.

"Mama," afande akaanza, baada ya kikombe cha kwanza, "mimi sina ubaya na wewe. Lakini kwa nini ujisumbue? Mwachie huyu kijana abebe. Silaha ni mzigo wa mwanamume."

"Afande, mzigo huu nimebeba mwaka mzima. Umesikia nimemwumiza nani?"

"Huyu anasema unamlenga mama yake."

Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda chake. Afande hakumwuliza. Shemeji hakumtazama. Wanaume wawili wanajadili kulengwa kwa mwanamke aliyekaa mbele yao, na hakuna hata mmoja aliyemgeukia amwulize, umelengwa? Basi nikasema nitaonyesha ninachofanya, chote, kama kilivyo, naye aamue kwa macho yake.

Afande akainuka aingie jikoni. Mama akasema kwa Kimeru, bila kuinua sauti, kwamba wanaume hawaingii humo. Nikamtafsiria. Afande akacheka, akarudi kwenye kiti. Tukatoa meza nje, tukaiweka ikitazama ule ukingo wa udongo uliochongwa kando ya jiko, ambao nyuma yake hakuna kitu ila kilima.

Wakati huo simu ya shemeji ikalia. Akaenda nayo hadi langoni, akatugeuzia mgongo, anacheka na mtu huko mjini Maua. Sikumngoja. Nikatoa magazini. Nikavuta chuma nyuma, nikaangalia, nikaingiza kidole. Nikamwonyesha afande, naye akainama akaangalia, kwa heshima yake. Mama akaja akaingiza kidole chake, akatia risasi kwenye mkebe, akarudi kukaa. Zamu hii hakwenda mbali. Alikaa kando ya meza, mkebe mapajani, maana alitaka kusikia yatakayosemwa. "Nimekaa," akasema.

Nikaweka punje ya mahindi. Nikalenga udongo. Ta. Punje ikabaki. Nikarudia, ta, ikabaki. Mkono wangu ulikuwa umetulia kuliko moyo wangu, wallahi. Usingizi ukamtoka afande machoni. "Hebu tena," akasema, na nikarudia, na punje ikakaa pale kama imegundishwa. Nikasema, "Nimemaliza," nikailaza bastola mezani, mdomo wake kwenye kilima, nikageuka kuchukua ufunguo wa sefu.

Shemeji alikuwa amerudi kutoka langoni. Sijui alichoona. Aliona labda afande ameanza kunitikisia kichwa kwa kuridhika. Kabla sijageuka alikuwa ameichukua.

"Hata mimi naweza hii," akasema, "si ni kuvuta tu?" Akaiinua kwa mkono mmoja, kwa madaha, kidole tayari kwenye triga. Akaizungusha kutoka kwenye kilima, ikapita kifua cha afande, ikapita kwangu, ikaishia kwa Mama. Akavuta.

Ta.

Akacheka. Alicheka peke yake. Afande, mtu mkubwa vile, alikuwa amekwisha kuruka kutoka kitini. Alimkamata kifundo cha mkono akakipinda mpaka bastola ikaanguka mezani, akamtusi kwa lugha ya kwao. Nilikuwa namtazama Mama. Hakuwa amesogea. Mikono yake miwili ilikuwa juu ya mfuniko wa mkebe, imeubana.

"Mama, si ni tupu!" shemeji akasema. Uso ulikuwa umembadilika. "Ni mchezo tu. Ni tupu!"

Mama akamwuliza, taratibu, kama mtu anayeulizia njia, "Uliangalia?"

Wakati tunaangalia, watu watatu kwa macho na vidole, shemeji alikuwa langoni na simu. Aliposhika ile bastola hakujua kama ina risasi moja au kumi au haina. Alimlenga mama aliyemzaa, akavuta, na kilichomwokoa Mama ni Mama mwenyewe, na mkebe wa majani chai.

Afande alikaa akanywa maji. Kisha akaniambia nije kituoni Jumatatu kuchukua cheti changu, na akamwambia shemeji atangulie kwenye gari, wana mazungumzo. Alimweka hadi jioni. Sikumwonea huruma. Watu wa kanisani walitaka niseme nilimwonea huruma, eti ni kijana, eti ni shetani. Shetani gani? Ebo! Shetani alikuwa amevaa viatu vinavyong'aa.

Jioni ile Mama aliingia jikoni akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye mazishi ya mwanawe mkubwa. Hakulia kwa woga. "Miguu ya kitinda mimba wangu ilikuwa mibovu alipozaliwa," aliniambia. "Nilimkanda kwa mafuta kila asubuhi mpaka akatembea." Nikakaa naye chini tukapika viazi ambavyo hakuna aliyekula.

Asubuhi yake alikuwa amekwisha kukauka machozi. Akatuma ujumbe kwa shemeji: aliyemwelekezea mzazi wake silaha analeta kondoo dume, wazee wachinje na kumtakasa kama inavyofanywa, ndipo mama ale tena kutoka mkononi mwake. Si jambo la kubishania kwetu. Yeye akabisha. Alituma jibu kwamba haleti kondoo, kwa sababu hakuna alichofanya, bastola ilikuwa tupu, na kila mtu aliona ilikuwa tupu. Mama akaacha kupokea sukari yake, akaacha kupokea salamu zake. Akimsikia uani, alinyamaza hadi aondoke.

Wiki zikapita hivyo. Siku moja asubuhi, pikapu imeshapakiwa, dereva ameshawasha, nikamkuta shemeji amesimama langoni. Amekonda. Viatu vina matope. Akashika dirisha langu, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe na kaka yake hakuanza na maneno matamu.

"Shemeji, wewe anakusikia. Mwambie Mama. Mwambie tu ilikuwa tupu."

"Mama anajua ilikuwa tupu," nikamwambia. "Anajua pia kwamba wewe ulikuwa hujui."

Akaachia dirisha. Nikamwambia dereva tuende.